Simba, Choroa na Ngome Kongwe: Mwongozo Kamili wa Kukusanya Noti za Afrika Zenye Wanyama na Majengo ya Kihistoria

Toa mfukoni noti ya shilingi 2,000 ya Tanzania. Mbele kuna simba, nyuma kuna Ngome Kongwe ya Zanzibar. Ielekeze dirishani na utaona uso wa Mwalimu Nyerere ukijitokeza ndani ya karatasi yenyewe. Sasa tafuta mwaka iliyochapishwa. Geuza mbele, geuza nyuma: haupo. Noti hii imepita mikononi mwako mara elfu, na huenda leo ndiyo mara ya kwanza kugundua kwamba haina mwaka.

Kukusanya noti kunaanzia hapo, kwenye kuangalia. Ununuzi unafuata baadaye sana, na wanaotanguliza ununuzi ndio wanaojaza droo makaratasi wasiyojua ni ya nini. Nayasema haya kwa kuwa nilikuwa mmoja wao. Miaka miwili ya kwanza nilipokea kila kitu chenye picha ya mnyama: cha Malawi kilichochakaa, cha Msumbiji kilichochanika, cha Kongo kilichonuka samaki. Siku nilipozipanga mezani sikuweza kumweleza hata mke wangu kwa nini zipo pamoja.

Hatua ya kwanza: chagua uzi mmoja

Afrika ina nchi zaidi ya 50, na karibu kila moja imewahi kuweka mnyama au jengo maarufu kwenye fedha yake. Huwezi kuzipata zote. Chagua uzi mwembamba, utakaoweza kuumaliza, na ambao ukimwonyesha mgeni atauelewa bila maelezo marefu. Nitakupitisha kwenye zile ninazozipenda, na usishangae nikikaa zaidi kwenye baadhi.

Rahisi kuliko zote ni Kenya. Toleo lililozinduliwa siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 2019, lina noti tano, na kila moja imebeba mmoja wa wale wanyama watano wakubwa: nyati kwenye 50, chui kwenye 100, kifaru kwenye 200, simba kwenye 500, tembo kwenye 1,000. Upande wa mbele zote zina KICC, jumba la mikutano la Nairobi. Seti nzima ni shilingi 1,850 za Kenya kwa thamani ya usoni, kwa hiyo mwanafunzi wa chuo anaweza kuikamilisha. Na ina kisa ndani yake: ibara ya 231 ya Katiba ya 2010 inakataza noti na sarafu kuwa na picha ya mtu yeyote, ndiyo maana sura za marais ziliondoka. Hata hivyo mbele ya KICC kuna sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta, nayo ikaonekana kwenye noti, na watu wakaenda mahakamani. Noti zikabaki kama zilivyo.

Msumbiji ni ngazi nzuri ya kupanda. Noti za toleo la 2006 zina Samora Machel mbele, na ukizigeuza unakutana na kifaru kwenye meticais 20, tandala kwenye 50, twiga kwenye 100, simba kwenye 200, nyati kwenye 500 na tembo kwenye 1,000. Kuanzia 2011 zile tatu ndogo zilichapishwa kwenye plastiki, kwa hiyo mnyama yuleyule unaweza kuwa naye katika karatasi na katika plastiki. Mkusanyaji anayeanza huona ni noti moja. Baada ya mwaka atazitaka zote mbili.

Afrika Kusini imewaweka wale watano kwenye randi tangu miaka ya 1990: kifaru 10, tembo 20, simba 50, nyati 100, chui 200. Mwaka 2012 Mandela alihamia mbele na wanyama wakaenda nyuma, na katika toleo la 2023 wanyama wanaonyeshwa wakiwa na watoto wao. Mnyama yuleyule, vizazi vitatu vya noti. Ukichagua kifaru peke yake ukamfuata kutoka toleo hadi toleo, tayari una mkusanyiko.

Namibia ni ya wapenda swala. Kwenye dola 20 kuna kongoni mwekundu, 50 tandala, 100 choroa, 200 korongo. Nakiri kwamba majina choroa na korongo niliyajua kwa sababu ya noti hizi. Mbugani nilikuwa nawaita wote swala tu.

Zambia ina furukombe mbele ya noti zake, yule tai mla samaki wa kwenye bendera. Fedha ilipoondolewa sifuri tatu mwanzoni mwa 2013, kila noti ilipewa mnyama wake nyuma, pamoja na Sanamu ya Uhuru ya Lusaka: simba kwenye kwacha 5, chui kwenye 50, nyati kwenye 100, na kwenye kwacha 10 akawekwa nungunungu. Nchi iliyompa nungunungu heshima ya noti naiheshimu.

Kuna noti moja ambayo kila mkazi wa pwani yetu angepaswa kuwa nayo: faranga 1,000 ya Komoro ya toleo la 2005, yenye samaki ambaye Wakomoro humwita gombessa. Wanasayansi walidhani ametoweka tangu zama za kale kabisa, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938 na wa pili Komoro mwaka 1952. Baadaye wavuvi wa Tanga nao wakaanza kumnasa kwenye nyavu zao, na mwaka 2009 pakatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Samaki aliyeishi muda wote huo bila kuhitaji hela ya mtu sasa amechorwa kwenye hela.

Kwa upande wa majengo na mandhari, Misri haina mpinzani: upande mmoja msikiti, upande wa pili mabaki ya Mafarao. Pauni 100 ina msikiti wa Sultan Hassan na yule Sphinx, sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu. Zimbabwe nayo ina mawe yanayobebana ya Epworth karibu kwenye kila noti yake ya zamani. Kongo ya Kinshasa ina faranga 100 yenye tembo mbele na bwawa la Inga nyuma, mnyama na jengo kwa noti moja ya bei ndogo.

Kwetu Tanzania, tafuta toleo la 1997. Lile halikuwa na uso wa rais; mahali pake palikaa kichwa cha twiga. Alikuwepo twiga pamoja na pundamilia kwenye 500, pamoja na tembo kwenye 1,000, pamoja na kifaru kwenye 5,000 na pamoja na simba kwenye 10,000. Nyuma ya hiyo 10,000 kuna Beit el Ajaib ya Unguja, ambayo sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Kwenye noti bado imesimama na mnara wake.

Hatua ya pili: jifunze kuisoma noti

Noti mbili zinaweza kufanana kabisa machoni pa mpita njia na zikawa vitu viwili tofauti kwa mkusanyaji. Kwa kuwa za Tanzania hazina mwaka, kinachotofautisha ni saini. Toleo la sasa lilitoka 2011 likiwa na saini ya Gavana Benno Ndulu, na magavana waliomfuata wakaweka zao. Chini ya simba yuleyule, basi, kuna noti kadhaa. Kenya ni rahisi zaidi, mwaka umeandikwa: za 2019 zina saini ya Patrick Njoroge, na zile zenye mwaka 2024 zina ya Kamau Thugge pamoja na uzi wa usalama uliobadilishwa.

Namba ya noti nayo inasema. Herufi AA kwa kawaida ni za mwanzo wa toleo na wengi huzitafuta. Herufi zinazoanza na Z katika baadhi ya nchi ni za noti za fidia, zile zilizochapishwa kuchukua nafasi ya zilizoharibika kiwandani. Huwa chache na bei yake hupanda. Katika faranga za CFA za Afrika Magharibi, herufi moja inakuambia noti ilitolewa kwa ajili ya nchi gani: A ni Côte d'Ivoire, D ni Mali, K ni Senegal, na kadhalika kwa nchi zote nane zinazoitumia. Noti ya 500 yenye kiboko, iliyoingia 2012, unaweza kuitafuta mara nane. Nimemfahamu mzee mmoja aliyekwama kwenye Guinea-Bissau, herufi S, kwa miaka.

Wakusanyaji duniani hutumia namba za katalogi zinazoanza na P, kutokana na Albert Pick, Mjerumani aliyeorodhesha fedha za karatasi. Muuzaji akikuandikia P na tarakimu baada ya jina la nchi, hiyo ndiyo anuani kamili ya noti. Tovuti ya Numista nayo inakuwezesha kutafuta bure na kuona picha za pande zote mbili.

Hatua ya tatu: hali ya noti ndiyo bei

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Noti ileile inaweza kuwa ya bei ya chai ikiwa imekunjwa, na ya bei ya chakula cha familia ikiwa haijawahi kukunjwa. Daraja la juu huandikwa UNC: haijakunjwa hata mara moja, pembe zake nne ni kali, karatasi inalia ukiitikisa. AU ina dosari ndogo moja, tuseme mkunjo hafifu wa katikati. XF ina mikunjo michache lakini bado ngumu. VF imetumika, ina mikunjo mingi, ila haijachanika wala kulegea. Chini ya hapo nunua tu ikiwa ni adimu.

Jinsi ya kukagua: zima taa ya dari, washa tochi ya simu, ilaze noti mezani na uimulike kutoka ubavuni, mwanga ukiteleza juu ya karatasi. Mkunjo ambao haukuonekana utasimama kama tuta. Tafuta pia matundu ya stepla, maana huku kwetu bunda la noti hubanwa, na noti za harusini hupitia mengi: hutuzwa mwimbaji, hubandikwa kwenye paji la uso lenye jasho, au hufungwa kwa gundi kuwa shada la maua. Noti ya namna hiyo mrudishie mzunguko.

Usiioshe wala kuipiga pasi noti yoyote. Muuzaji akikuonyesha noti ya miaka ya 1960 iliyonyooka kama ya leo asubuhi lakini imelegea mkononi na michoro yake imepauka, hiyo imefuliwa. Mkusanyaji mzoefu atailipa nusu, au ataondoka.

Hatua ya nne: pa kuzipata

Kwa fedha zinazotumika sasa, nenda benki mapema, umwombe karani kwa adabu noti mpya kutoka kwenye bunda ambalo halijafunguliwa. Nenda siku isiyo ya mishahara. Ukimwambia unakusanya, mara nyingi atatabasamu na kukuchagulia. Siku nyingine atakuangalia kama mtu mwenye muda wa kupoteza, na hana kosa.

Za nchi jirani, tumia watu wanaosafiri. Madereva wa malori ya masafa marefu wanaopita Tunduma hurudi na kwacha zilizobaki. Wanaopita Rusumo hurudi na faranga za Rwanda, na ukibahatika miongoni mwake kuna ile ya 5,000 yenye sokwe wa milimani. Mwambie dereva mapema kwamba unataka isiyokunjwa, na umpe bahasha ngumu ya kuiwekea, la sivyo itakufikia imekaa mfuko wa nyuma kutoka Lusaka hadi Mbezi. Ukitaka kubadilisha fedha, tumia maduka yenye leseni, siyo vijana wa mpakani wenye mabunda mkononi.

Halafu kuna masanduku ya wazee. Shangazi yangu alikuwa na noti ndani ya msahafu, bibi mwingine ndani ya sanduku la kanga. Humo ndimo zinamotoka zile za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1919 na kuhudumia nchi zetu kabla hazijaanzisha benki kuu zake. Toleo lake la 1964 lilimwondoa Malkia likaweka jahazi ndani ya Ziwa Viktoria. Ukikutana na rupia ya Zanzibar ya mwaka 1908, au rupia 5 ya Wajerumani ya 1905 yenye simba wawili, usiiguse kwa vidole vyenye mafuta na usiiuze siku hiyo. Na usimpunje mzee. Mwambie inachoweza kufika sokoni, kisha mkubaliane.

Jambo la sheria linaloingia hapa: noti ikifutwa, haiwezi tena kununua kitu, ila inabaki kuwa ya kukusanya. Benki Kuu ya Tanzania ilizibadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya 500 ya 2010, kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025. Kenya ilifuta noti ya zamani ya 1,000 ifikapo 30 Septemba 2019. Anayekwambia atakuuzia kwa thamani yake ya usoni "kwa sababu bado ni pesa" anakuuzia hadithi. Bei sasa inatokana na hali na uchache tu.

Hatua ya tano: usinunue bandia

Noti inayoghushiwa kuliko zote katika mada hii ni dola trilioni 100 ya Zimbabwe, yenye mwaka 2008, iliyotoka Januari 2009. Mbele ina mawe ya Epworth, nyuma ina Maporomoko ya Viktoria na nyati: mandhari na mnyama kwa mpigo. Mwaka 2015 serikali ilipoifuta ilibadilishwa kwa senti 40 za dola ya Marekani. Leo iliyo UNC huuzwa mara nyingi kwa zaidi ya dola 100, kwa sababu kila mtu duniani anataka kuwa trilionea ukutani.

Yangu ya kwanza niliinunua mtandaoni kwa furaha kubwa. Ilipofika ilikuwa inang'aa dhahabu, plastiki nyembamba, na namba ileile iliyokuwa kwenye picha ya tangazo. Sikuwa nimejiuliza kwa nini muuzaji alikuwa na noti 300 zenye namba moja. Kwa hiyo omba picha ya noti yenyewe utakayotumiwa, pande zote mbili, na moja iliyoelekezwa kwenye mwanga. Ya kweli ni ya karatasi, ina ndege wa Zimbabwe kama alama ya maji, yaani picha inayojitokeza ukiielekeza kwenye mwanga, na ina namba yake peke yake. Pitisha kidole: wino wa picha kuu kwenye noti nyingi za karatasi umeinuka kidogo, unakwaruza. Ukiwa na kitaa cha zambarau cha kukagulia fedha, angalia karatasi isiwake yote kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga.

Noti ghali sana zinunue zikiwa ndani ya kifuko kigumu kilichofungwa na kampuni ya kupima hali ya noti kama PMG, kisha hakiki namba ya cheti kwenye tovuti yao. Kwa noti ya bei ya soda, gharama hiyo haina maana.

Hatua ya sita: joto, unyevu na mende

Vitabu vya Ulaya vinakushauri utunze noti mahali pakavu na baridi. Asante. Sisi tunakaa Temeke.

Kwanza, achana na mifuko laini ya PVC inayouzwa madukani kwa ajili ya vyeti. Niliweka humo meticais zangu za karatasi, na baada ya misimu miwili ya joto plastiki ikaanza kutoa utelezi. Nilipoivuta 200, sehemu ya simba ilibaki imeng'ang'ania. Tafuta mifuko ya poliesta, mingi huuzwa kwa jina la Mylar, au angalau polipropilini isiyo na asidi. Usilaminishe kamwe: noti iliyolaminishwa ni picha, siyo noti tena.

Albamu isimame wima kama kitabu, isilazwe chini ya vitu vizito. Weka ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe kila masika. Mbali na jiko, mbali na ukuta wa nje unaotoa unyevu, mbali na dirisha. Fungua albamu mara moja kwa mwezi. Mende na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokula karatasi hupenda mahali pasipoguswa. Osha mikono na uikaushe kabla ya kushika, na shika pembeni.

Hatua ya saba: daftari

Kila noti iandikie mstari wake: nchi, thamani, mnyama au jengo, namba ya noti, saini au mwaka, daraja, ulipoipata, ulicholipa. Safu ya "ulipoipata" ndiyo utakayoipenda baada ya miaka kumi. Ukiweka picha mtandaoni, funika tarakimu mbili za namba ili muuzaji tapeli asiitumie kama yake.

Na weka alama juu ya boksi. Fedha zinazotumika zina hatari ambayo stempu hazina: zinatumika. Nilikuwa na mwekundu wa Msimbazi wa herufi AA, noti ya 10,000 isiyo na mkunjo hata mmoja, ndani ya bahasha mezani. Jioni umeme ukakatika, mdogo wangu akaona bahasha, akakimbia dukani kununua luku. Alirudi amefurahi, na chenji akanirudishia yote. Siku hizi juu ya boksi nimeandika kwa kalamu nene: SI YA MATUMIZI, NIPIGIE KWANZA.